Choo kisichotumia maji: Mbinga husubiri kuliko Mbamba Bay

KATIKA mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, shimo la choo huchimbwa kwa mashaka. Mahali penye mchanga kuta huporomoka, na mvua zinapokolea maji ya ardhini hupanda hadi shimoni, yakabeba uchafu kuelekea visimani na ziwani, ambako wakazi huchota maji ya kunywa. Ziwa hilo lina kichocho. Ng'ambo yake, nchini Malawi, mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa Machi 2022 uliua zaidi ya watu 1,700.

Choo kikavu hujengwa juu ya ardhi, wala hakihitaji shimo. Chini ya sakafu huwa na vyumba viwili vya matofali vyenye sakafu ya saruji, kila kimoja na mlango mdogo nyuma. Sinki lake lina njia mbili: ya mbele hupeleka mkojo kwenye dumu, ya nyuma huangusha kinyesi chumbani. Chumba kimoja hutumika hadi kijae, kisha hufungwa na kuachwa wakati cha pili kinatumika. Wahandisi hukadiria nafasi ya lita 100 kwa kila mtu kwa miezi 6, hivyo familia ya watu 6 huhitaji chumba cha lita 1,200 ili kitoshe mwaka mzima.

Wengi hukiita choo cha mboji, jina linalopotosha kidogo. Mboji halisi huchemka. Rundo la kinyesi katika chumba cha nyumbani huchemka kwa nadra. Kinachoua vijidudu humo ni ukavu, majivu na muda, na kati ya hivyo muda ndio unaoibiwa mara nyingi, hasa msimu wa kupanda unapokaribia na mbolea ya dukani ikiwa ghali.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2006 unaeleza kwamba mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 35, kinyesi kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja bila kuongezewa kipya. Penye baridi ya chini ya nyuzi 20, muda huo huwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Tofauti hiyo ni kubwa kwa watu wa Ruvuma. Mbamba Bay iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na joto lake hutosha. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,000, na usiku wa Juni na Julai huko hauhitaji kusimuliwa kwa aliyewahi kulala huko. Kwa hiyo mjenzi anayechukua vipimo vya choo cha ziwani na kuvipeleka mlimani lazima apanue vyumba. Vinginevyo cha pili kitajaa kabla cha kwanza hakijaiva. Mayai ya mchango, ile minyoo mirefu ya tumboni, hustahimili kuliko vijidudu vingi, na hayaonekani kwa macho. Udongo mweusi usionuka bado unaweza kuwa nayo.

Matunzo ya kila siku ni mepesi. Baada ya haja kubwa hutupiwa majivu makavu, kopo moja au mawili, na jikoni penye kuni majivu hayakosekani. Pumba za mpunga husaidia kufunika, lakini hazina ukali wa majivu. Maji ni adui: anayetawaza atengewe mahali pa pembeni penye mfereji wake, na sinki lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kumwagiwa ndoo. Harufu ikizidi au funza wakionekana, kuna maji yaliyoingia. Dawa yake ni kuziba yanakopita na kuongeza majivu. Bomba la hewa lipite juu ya paa na lifungwe wavu wa nzi.

Mgeni ndiye mtihani. Asiyeelekezwa hukojoa nyuma, na siku moja ya sherehe yaweza kulowesha kazi ya miezi.

Mkojo usimwagwe ziwani wala karibu na kisima, kwani aina moja ya kichocho huenea kwa mkojo. Shambani ni mbolea yenye naitrojeni nyingi: huchanganywa na maji mara tatu au zaidi, humwagwa kwenye udongo, si majani, na husimamishwa mwezi mmoja kabla ya kuvuna. Dumu lifunikwe, la sivyo naitrojeni hupotelea hewani.

Kilichoiva chumbani huzikwa ardhini kwa jembe, kwa glavu na viatu. Wamatengo, ambao kwa vizazi wamefukia majani katika mashimo ya ngoro ili yaoze na kulisha udongo, hawahitaji somo la faida yake. Migomba na miti ya matunda hufaa kuliko mchicha au karoti, kwa sababu mavuno yake hukaa mbali na udongo. Mbuni nao ungefaa, ila mkulima anayeuza kahawa yenye cheti cha kilimo hai aulize kwanza chama chake: kinyesi cha binadamu hakimo katika orodha ya mbolea zinazokubaliwa na kanuni za kilimo hai za Umoja wa Ulaya, hata kiwe kimekaa miaka miwili.