Deni la Naliendele: Kuwakumbuka Waliovuka Ruvuma

Ndugu msomaji, miongoni mwa tabia njema tulizofundishwa ni kuutambua wema wa mtu angali hai, na kumwombea akishatangulia. Mtu asiyewashukuru wanadamu wenziwe, shukrani yake kwa Mola wake nayo ina kasoro. Kwa watu wa Mtwara na mwambao wote wa kusini, jambo hili lina mahali pake panapojulikana. Mahali hapo ni Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, walikolazwa askari wa Tanzania waliofia Msumbiji. Kila tarehe 25 Julai taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Je, sisi majirani wa makaburi hayo twajua walilala kwa ajili gani?

Mto uliogawa ndugu

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma uwe mpaka wao. Mwaka 1894 Wajerumani wakajitwalia Kionga, kusini ya mlango wa mto. Mwaka 1916 Wareno wakaichukua tena. Katika yote hayo hakuulizwa mvuvi wa Msimbati wala mkulima wa Kitaya. Wamakonde walikuwa ng'ambo zote mbili. Watu wa pwani nao, kutoka Mikindani hadi Tungi na Msimbwa, walikuwa wakioana, wakisomeshana Kurani na kupelekeana jahazi tangu zamani. Basi mpaka uligawa ardhi, lakini udugu haukuuweza.

Wengi walikimbia kazi za shuruti na kodi za Wareno, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Huku waliona watu wakidai uhuru kwa mikutano, na tarehe 9 Desemba 1961 wakauona umepatikana. Wenzao wa ng'ambo hawakupewa nafasi hiyo. Tarehe 16 Juni 1960, pale Mueda, watu walikusanyika kusikiliza jibu la madai yao, na baadhi ya wasemaji wao walikuwa wametoka Tanganyika. Jibu lilikuwa risasi. Tangu siku hiyo wengi waliona kwamba mlango wa maneno umefungwa.

Jeshi la majirani

Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, chini ya Dakta Eduardo Mondlane. Vijana wa kwanza walipelekwa Algeria kufunzwa vita; baadaye ikafunguliwa kambi ya Kongwa, na kisha ile ya Nachingwea. Tarehe 25 Septemba 1964 kikosi kilichoongozwa na Alberto Chipande kilishambulia kituo cha Wareno huko Chai, katika jimbo la Cabo Delgado. Vita vikaanza. Mwezi huohuo wa Septemba ndipo lilipoundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambalo lilipewa kazi nzito ya kuulinda ukingo wa Ruvuma.

Mara nyingi tukitaja vita twataja bunduki, tukawasahau wachukuzi. Risasi, dawa na nguo zilivushwa mto kwa mitumbwi, kisha zikabebwa vichwani na wanawake na wanaume mwendo wa siku nyingi porini. Wakirudi walibeba korosho, karanga na ufuta kuja kuuza huku. Majeruhi waliletwa Mtwara, ambako FRELIMO ilikuwa na hospitali yake iliyopewa jina la Dakta Américo Boavida. Wakimbizi walipewa ardhi Rutamba, katika Lindi. Nao Wareno walitega mabomu ya ardhini na kuleta ndege zao hata upande wetu, na wanavijiji wasio na silaha wakaumia kwa kosa la kuwa majirani wema.

Aidha, tusidhani Waislamu wa ng'ambo walikaa kando. Polisi wa siri wa Wareno waliwakamata masheikh na walimu wa kaskazini kwa kuwashuku kuwasaidia wapiganaji, na ngome ya kisiwa cha Ibo ikawa gereza la mateso. Mondlane mwenyewe aliuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Samora Machel akaendeleza kazi hadi mkataba wa Lusaka, tarehe 7 Septemba 1974, na uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Haki ya kumbukumbu

Kumbukumbu njema husema kweli yote. Baada ya uhuru, serikali ya FRELIMO iliwabana watu wa dini, Waislamu na Wakristo, hadi ilipoanza kulegeza mwaka 1982. Kosa hilo halifuti damu ya waliokufa kwa ajili ya uhuru, wala damu hiyo hailigeuzi kosa kuwa haki.

Na leo yapo ya kuzingatiwa zaidi. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, palipovamiwa Msimbwa, wametokea watu Cabo Delgado wanaochinja wanakijiji na kuchoma nyumba, wakidai wanapigania dini. Oktoba 2020 walivuka mto wakaishambulia Kitaya, katika mkoa wetu. Kijana akiambiwa kwamba hao ni mashujaa, na apelekwe Naliendele. Wale waliolala pale walivuka Ruvuma kumtetea jirani, na hawa wamevuka kumuua. Wale walizuia nyumba zisichomwe. Hawa ndio wachomaji. Dini iliyoharimisha kumuua asiye na hatia haiwezi kuwa ngao ya muuaji.

Wazee wetu waliowapokea wakimbizi walikuwa na mfano mbele yao, Ansari wa Madina, waliowagawia wageni makazi na chakula hali wao wenyewe wana haja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi deni letu ni hili: tuyazuru makaburi yale na kuyatunza; tuwaulize wazee waliovusha mitumbwi, tuyaandike maneno yao kabla hawajaondoka; tuwatazame wajane na mayatima; na mkimbizi wa leo akifika mlangoni, asikute tumekuwa wachoyo kuliko babu zetu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atujaalie ujirani mwema. Amin.