UZI: Mji wa chuo una watu wangapi? Inategemea nani alichora mpaka

1/ Wadau, kila mjadala wa mgao wa pesa huishia hapa: "Sisi ni wengi, tumepunjwa." Kabla hatujarushiana maneno, tuangalie Marekani, ambako miji ya vyuo vikuu imezozaniwa sana kwa hesabu hizi.

2/ Mwanafunzi ni wa wapi? Hadi sensa ya 1940, alihesabiwa nyumbani kwa wazazi. Sensa ya 1950 ikabadilisha: ahesabiwe pale anapoishi akisoma. Miji ya vyuo ikanenepa kwenye karatasi bila hata nyumba moja kujengwa. Lakini pia ni haki: maji anayotumia na taka anazotupa ni mzigo wa mji ule, si wa kijijini kwao.

3/ Mpaka je? Mwaka 1949 serikali iliweka kipimo kimoja cha maeneo ya metropolitani, na tofali lake kuu ni kaunti. Siku hizi lazima kuwe na kitovu cha mjini chenye watu 50,000 au zaidi. Kaunti jirani huunganishwa kama, kwa mfano, angalau asilimia 25 ya wafanyakazi wake huenda kazini kwenye kaunti ya kitovu.

4/ Mfano: State College, Pennsylvania. Sensa ya 2020 iliupa mji wenyewe watu 40,501. Lakini eneo lake la metropolitani ni Kaunti nzima ya Centre, mashamba na misitu ndani: 158,172. Na sehemu ya kampasi iko nje ya mpaka wa mji! Mmoja akisema elfu 40 na mwingine elfu 158, hakuna muongo hapo.

5/ Kwani iko nini? Pesa. Mji mkuu wa eneo la metropolitani hupata moja kwa moja ruzuku fulani za serikali kuu za maendeleo. Ndiyo maana Januari 2021, lilipotolewa pendekezo la kupandisha kiwango hadi 100,000, maeneo 144 yalikuwa hatarini kushushwa hadhi, mengine yakiwa ya vyuo kama Corvallis, Oregon. Kelele zikapigwa. Julai, 50,000 ikabaki.

6/ Na Korona? Siku ya sensa ilikuwa 1 Aprili 2020, wanafunzi washarudishwa makwao. Kanuni ilisema wahesabiwe chuoni. Wa hosteli, rekodi zilikuwepo. Waliopanga nje ya kampasi ndio wangeweza kupotea kwa urahisi, na sensa ni kila miaka 10.

7/ Sasa turudi Kenya. Sensa ya 2019 ilikuhesabu pale ulipolala usiku wa 24 Agosti. Chuo kikiwa kimefungwa usiku huo, mji wake umepoteza vichwa. Na sheria yetu ya miji, iliyorekebishwa 2019, inadai 50,000 kwa manispaa na 250,000 kwa jiji. Kwa hivyo mtu akikuletea namba jukwaani, usishangilie bado. Muulize: nani walihesabiwa, wakiwa wapi, na huo mpaka ulichorwa na nani?