James Siang'a: Kutoka Langoni hadi Benchi la Ufundi

Kipa James Siang'a aliidakia timu ya soka ya Luo Union, kama alivyoidakia Gor Mahia.

Mwaka 1972 alikuwa Cameroon na Harambee Stars, Kenya ikishiriki Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza.

Ukocha ulimvusha mpaka. Mwaka 2003 Simba yake ya Dar es Salaam iliwavua ubingwa wa Afrika Zamalek wa Misri: 1-0 nyumbani, 0-1 Cairo, kisha penalti. Langoni alisimama Juma Kaseja. Benchini, kipa mkongwe aliyeijua vyema presha ile. Simba wakatinga makundi.

Siang'a alifariki 2016.