Bunduki ya kwanza ya mtoto: wazee wa Kilosa na Mikumi, someni hapa kabla ya kununua

Wadau, kuna baba wa huku Kilosa kaniuliza amnunulie kijana wake wa miaka 14 bunduki gani ya kuwindia swala. Jibu langu: hakuna. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka mwombaji awe na miaka 25 au zaidi. Na leseni ya baba haimfuniki mtoto.

Kinachonitisha zaidi ni gobole, maana ndilo rahisi kupatikana kwa njia za panya. Mtutu wenyewe mara nyingi ni bomba tu, baruti inashindiliwa kwa mdomoni, kipimo ni cha kukadiria. Ikizidi, bomba linampasukia usoni. Mkubwa mwenyewe anapoteza vidole, sembuse mtoto!

Halafu mnyama naye ana wenyewe. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, haiwindwi kabisa. Nje ya hifadhi lazima kibali, kwa Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya 2009, waulize TAWA. Bila kibali, swala mmoja tu anakupeleka mahakamani.

Akishatimiza umri, raifo nyepesi ya .243 inamtosha swala na haipigi teke sana begani. Ile .375 waachieni wawindaji wa nyati. Aishike kwanza dukani aone kitako kinamkaa.

Kama shida ni kitoweo tu, mabucha ya nyamapori yaliwekewa kanuni 2020. Tafuteni lenye leseni, na risiti msiitupe njiani.