Mgonjwa Anapokana Ugonjwa: Nafsi Inavyojihami Wodini

Mgonjwa wa sukari mwenye kidonda mguuni anaambiwa na daktari kuwa kidole kitakatwa. Anacheka: "Hiki kijipu tu." Jioni muuguzi akija kusafisha kidonda, anatukanwa yeye. Jamaa waone haya, muuguzi akasirike, na kidonda kisafishwe harakaharaka.

Wanasaikolojia huziita hizi mbinu za nafsi kujihami. Sigmund Freud aliziandikia tangu mwaka wa 1894, na bintiye Anna akazipambanua katika kitabu chake cha mwaka wa 1936. Nafsi huzitumia bila mwenyewe kujua, ili hofu isimlemee. Ndipo zinapotofautiana na uongo. Kile kicheko ni kukana. Matusi ya jioni ni hasira iliyohamishwa: maradhi hayatukaniki, na daktari anaogopwa, basi humwangukia aliye karibu. Yuko pia mtu mzima anayerudi utotoni, atake kulishwa hali mikono yake mizima. Na yuko anayesema ameacha dawa kwa kuwa zinamchoma tumbo (na huenda zinamchoma kweli, lazima aulizwe), kumbe kila kidonge humkumbusha kuwa ni mgonjwa.

Kukana si kubaya siku zote. Siku za mwanzo humpa mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Hatari ni pale matibabu yanapocheleweshwa, maana kidonda cha sukari hakingoji. Hata hapo kumkaripia hakusaidii; humfanya aishikilie kinga yake zaidi. Afadhali kumuuliza, "Mzee, mguu wauonaje leo?" kisha kunyamaza, asikizwe. Jamaa nao wamweleze muuguzi yasiyomo kwenye faili. Mtu aliyemwona babake akikatwa mguu na kufa baadaye ana hofu yenye historia.

Wauguzi pia hujihami, na hili husemwa kwa nadra. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Isabel Menzies alichunguza hospitali moja ya London, akakuta wagonjwa wakitajwa kwa kiungo na nambari: "ini la kitanda cha 10". Kazi ilikatwakatwa ili kila muuguzi amguse mgonjwa kidogo tu, asimzoee akaja kuumia. Utaratibu huo uliwanyima ile raha ya kumwona mtu wao akipona, na hofu haikuwatoka. Takriban thuluthi ya wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakiacha mafunzo kabla ya kumaliza.