Masomo ya Bure ya Mtandao na Hatima ya Wanafunzi Wake

Fikira ya kumwelimisha mtu asiyefika chuoni si ngeni. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliwatahini watu waliosoma mahali popote, wala hakikuuliza wamefunzwa na nani. Jambo jipya lililozuka katika karne hii ni wingi wa wanafunzi, tena pasipo ada wala sharti la kuingilia.

Mwaka 2008 George Siemens na Stephen Downes walifundisha somo katika Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Waliolipa ada walikuwa 25 tu. Walakini watu zaidi ya 2,000 walilifuata bure kwa njia ya intaneti. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua somo la akili bandia katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakajiandikisha watu wapatao 160,000. Mwaka uliofuata ikazinduliwa Coursera, na vyuo vya Harvard na MIT vikaungana kuanzisha edX. Wako waliodhani kwamba maskini wa dunia nzima sasa amepata chuo.

Hesabu za waliomaliza zilipunguza shangwe hiyo. Somo la MIT la saketi za umeme la mwaka 2012 liliandikisha watu wapatao 155,000. Waliopata cheti ni 7,157, yaani hawakutimia 5 katika kila 100. Ni kweli kwamba wengine walitaka kuonja tu, na kwamba si rahisi mwalimu mmoja kuwafaulisha watu 7,157 darasani katika umri wake wote. Lakini ni akina nani waliofaidi? Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliwauliza wanafunzi wake wa Coursera, ikaonekana kwamba zaidi ya 80 katika kila 100 ya waliojibu walikwisha kuhitimu elimu ya juu. Aliyekuwa nacho ndiye aliyeongezewa.

Chuo Kikuu cha Jimbo la San José, California, kilijaribu njia mbili. Mwaka 2012 wanafunzi wake walitazama mafunzo ya MIT nyumbani, kisha wakakutana na mwalimu darasani kufanya mazoezi, waliofaulu wakazidi. Mwaka 2013 wengine walipewa masomo ya kampuni ya Udacity kwa ada ndogo, bila darasa la kukutania. Wengi wakaanguka, hasa waliokuwa dhaifu katika hesabu, na jaribio likasimamishwa.

Mwaka 2021 edX iliuzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800. Kwa hiyo hata ule ubure wenyewe ukaingia sokoni, na vyeti vingi sasa hulipiwa. Elimu hunenwa kuwa ni bahari. Masomo haya yaliwafikisha watu wengi ufukoni; kuvuka kulihitaji chombo na nahodha, na hao hawakupatikana kwa wingi uo huo.