Pawa saplai ya leza ya taa

Pawa saplai ya leza ya taa ni mtambo wa umeme unaowasha taa ya mmweko ndani ya leza ambayo fuwele yake huchochewa kwa mwanga. Mtambo huu huchukua umeme wa kawaida, huupandisha hadi mamia au maelfu ya volti, huulimbikiza katika kapasita, kisha huuachilia kwa mkupuo mmoja ndani ya taa. Mwanga mkali unaotokea huchochea atomi za fuwele, na fuwele hutoa mwali wa leza.

Mtambo huu ni hatari kuliko vifaa vingi vya umeme vinavyofikishwa kwa fundi, kwa sababu huweza kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Historia

Leza ya kwanza ilifanya kazi tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, California (Marekani), katika maabara ya Hughes Research Laboratories. Theodore Maiman alitumia kijiti kifupi cha rubi kilichozungukwa na taa ya mmweko yenye umbo la springi. Taa hiyo haikubuniwa kwa ajili ya leza. Mimweko ya umeme ilikuwa imeendelezwa tangu miaka ya 1930 na Harold Edgerton wa chuo cha MIT kwa ajili ya kupiga picha za vitu vinavyokwenda kasi.

Mwaka 1964 maabara ya Bell ilitoa fuwele ya YAG yenye neodimi, ambayo bado inatumika sana. Siku hizi leza nyingi ndogo huchochewa kwa daiodi badala ya taa. Hata hivyo taa zimebaki pale panapohitajika nishati kubwa katika mpigo mmoja kwa gharama nafuu, kama vile kuchomelea metali, kufuta chale za wino na kutibu ukungu unaobaki nyuma ya lenzi baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho.

Mfano mkubwa kuliko yote ni leza ya National Ignition Facility huko Livermore, California, yenye mihimili 192 na taa 7,680. Tarehe 5 Desemba 2022 ilipiga shabaha kwa megajouli 2.05, na myeyungano wa nyuklia ukatoa megajouli 3.15. Lakini ili kupata hizo 2.05, mtambo ulivuta takriban megajouli 300 kutoka gridi. Tofauti hiyo inaonyesha jinsi njia ya taa inavyopoteza nishati.

Namna unavyofanya kazi

Nishati iliyomo katika kapasita ni nusu ya kapasitansi mara volteji iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe. Kapasita ya mikrofaradi 100 iliyojazwa hadi volti 1,000 hubeba jouli 50. Volteji ikiongezwa mara mbili, nishati huongezeka mara nne.

Njia rahisi ya kuijaza kapasita ni kupitia rezista, lakini rezista hiyo hupoteza kama joto kiasi kilekile kinachoingia kwenye kapasita. Kwa leza inayopiga mara moja kwa dakika hilo si neno. Kwa inayopiga mara kumi kwa sekunde, haifai. Kwa hiyo mitambo mingi ya sasa hutumia saketi za transista zinazokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na kujaza kapasita kidogokidogo.

Taa yenyewe ni mrija wa kioo cha kwatzi wenye gesi ya zenoni, au ya kriptoni katika leza za YAG zinazowaka bila kukatika. Gesi ikiwa baridi haipitishi umeme, hivyo kapasita iliyojaa hukaa tu ikisubiri. Saketi ya kuwashia hutoa mpigo mfupi wa kilovolti 15 hadi 30 unaotoboa njia ndani ya gesi, na hapo kapasita humwaga umeme wake wote. Katika leza zinazopiga mfululizo, mkondo mdogo huachwa upite ndani ya taa muda wote ili gesi isizimike kabisa. Hilo huongeza maisha ya taa.

Kati ya kapasita na taa huwekwa koili. Bila koili mkondo hupanda ghafla mno na kuchosha kioo. Koili ikizidi, mpigo hurefuka na nishati hupotea. Fuwele ya YAG huhifadhi nishati kwa takriban mikrosekunde 230 tu, ilhali rubi huihifadhi kwa takriban milisekunde 3, kwa hiyo mpigo unaoifaa rubi unaweza kuwa mrefu mno kwa YAG. Kwa taa ndogo inayohitaji jouli 30 ndani ya mikrosekunde 300, hesabu huweza kuleta kapasita ya mikrofaradi 115, koili ya mikrohenri 87 na volti 720 hivi. Mkondo wa kilele hufikia mamia ya ampea.

Kila taa ina kiwango cha nishati ambacho huipasua kwa mpigo mmoja. Ikitumiwa chini ya kiwango hicho, maisha yake huongezeka kwa haraka ya kushangaza: nishati ikipunguzwa nusu, idadi ya mimweko huongezeka zaidi ya mara 300. Fundi anayepandisha volteji "kidogo tu" ili leza iliyochoka ipate nguvu, mara nyingi anaua taa.

Matengenezo

Kapasita zikisikika au kuonekana kujaa lakini taa isiwake, hitilafu huwa kwenye saketi ya kuwashia: transfoma yake ndogo imeungua ndani, au mpigo unavuja kupitia vumbi, unyevu au maji machafu ya kupozea. Maji ya bomba hayafai kwa taa iliyozama majini, maana chumvi zake hupitisha umeme. Hutumika maji yaliyoondolewa ioni.

Mwanga ukififia ilhali mita inaonyesha volteji ileile, kapasita imezeeka. Ikipoteza asilimia 20 ya kapasitansi, nishati hupungua kwa kiasi hichohicho bila mita kuonyesha lolote.

Taa mpya lazima ifungwe kwa upande wake. Kathodi huwa imechongoka, anodi ni nene na butu; zikigeuzwa, kathodi huliwa haraka na mrija huwa mweusi baada ya mimweko michache.

Hatari

Jouli 50 kupitia kifuani zaweza kusimamisha moyo. Mitambo mingi ina rezista ya kumwaga chaji: megaomu 1 juu ya mikrofaradi 100 huhitaji karibu dakika nane kushusha volti 1,000 hadi chini ya volti 10. Lakini rezista hiyo ikikatika haitoi dalili yoyote, hivyo fundi hupima kwa mita inayostahimili volteji husika, humwaga chaji kwa fimbo yenye kihami na rezista, hupima tena, kisha huunganisha ncha za kapasita kwa waya. Waya huo huachwa hapo muda wote wa kazi, kwa kuwa kapasita kubwa hurudisha sehemu ya chaji yake yenyewe baada ya kumwagwa. Kugusanisha ncha kwa bisibisi huyeyusha metali, hurusha cheche na huweza kuharibu kapasita.

Kapasita za zamani zenye mafuta huweza kuwa na PCB, kemikali yenye sumu iliyopigwa marufuku Marekani mwaka 1979. Zikivuja hazishikwi kwa mikono mitupu. Hatari nyingine ni mwali wenyewe. Mwali wa YAG una urefu wa wimbi wa nanomita 1,064, hauonekani kwa macho, lakini lenzi ya jicho huukusanya moja kwa moja kwenye retina.